Nani Alikuwa Anachoka

Tantine Léonie Ntumba anakula amesimama. Unaweza kumwekea bukari, ugali wetu, mezani na kumvutia kiti, yeye atachukua sahani yake, ataegemea ukuta, na macho yatabaki mlangoni. Siku moja nilimwuliza ni kwa nini.

"Muntu wa materniti akikaa tu chini, ule mutoto naye anatoka," akasema. "Bana ya siku hizi banaangaliaka kwanza kama umekaa."

Ni dada mdogo wa marehemu baba yangu, nami, Nono kama anavyoniita, ninaishi kwake hapa mtaa wa Katuba tangu nianze sekondari. Babu alitoka Kasai kwa treni kuja kutafuta kazi, lakini Tantine alizaliwa hapa hapa Lubumbashi, na Kiluba chake ni cha kusalimia wazee na cha kukasirika tu. Mengine yote ni Kiswahili. Ni mkunga. Mtaani kwetu huwezi kutembea naye upesi, kwa sababu vijana wenye ndevu wanamsimamisha kumsalimia, naye anawatazama kutoka juu hadi chini na kuwaambia mbele ya marafiki zao: "Weye, nilikuonaka mbele mama yako hajakuona." Wanaona haya, wanacheka, wanambebea mfuko.

Ninaandika habari zake kwa sababu mwaka huu nimemwona akizimika polepole kama jiko la mbabula lililokosa makaa, na kila ninayemwuliza sababu ananijibu kwamba hakuna kitu. Kitu kipo. Ni neno moja.

Materniti, hospitali ya uzazi anakofanya kazi, sitaitaja jina. Ina sale ya kuzalia, chumba kilichogawanywa kwa mapazia, na jirani yake kuna chumba cha upasuaji wanachokiita bloki. Mwisho wa ua kuna kibanda cha kupimia watoto kilo na kuwachoma chanjo. Tantine alikuwa mkubwa wa sale ya kuzalia. Msaidizi wake alikuwa Abigaël, mkunga kijana aliyemfundisha mwenyewe kazi. Kwenye bloki kulikuwa na Mama Mwajuma, muuguzi ambaye wazee wake walitoka Maniema; nyumba yake inatazamana na yetu, na sauti yake iko chini hivi kwamba ukitaka kumsikia inabidi uzime redio. Daktari alikuwa Dokta Gérard.

Dokta Gérard alikulia Karavia, mtaa wa wenye pesa, katika nyumba ambamo wazazi na watoto wanasema Kifaransa, na Kiswahili kinabaki uani. Yeye alikiokota kwa mlinzi wa usiku, ambaye hapa tunamwita zamu. Alipofika materniti, Tantine alimsikiliza asubuhi nzima, kisha akamwambia: "Dokta, unasema kama zamu."

"Zamu njo alikuwa mwalimu wangu, Mama. Kama nasema mubaya, tumuulize yeye."

Walipendana kuanzia hapo. Dokta alimheshimu kama mama yake, akanywa munkoyo wake wa mahindi, na kila mara kabla ya kuamua jambo alimwuliza: "Mama Léonie, weye unaona nini?" Tantine alikuwa akirudi nyumbani na kuturudishia sentensi hiyo kama mtu anayeonyesha kitambaa kipya. Alikuwa amefanya kazi na madaktari wengi, na wengi wao hawakuwahi kumwuliza anaona nini. Walimwuliza glavu ziko wapi.

Halafu ikaja siku moja ya majira ya mvua.

Kulikuwa na mama aliyekuwa katika uchungu tangu asubuhi. Tantine alimwekea tumboni ile pembe ndogo ya kusikilizia moyo wa mtoto, akasikia moyo unapungua mwendo. Unapiga, unachelewa, unapiga. Wakunga wa hapa, moyo wa mtoto ukianza hivyo, wanasema mtoto anachoka, na wote wanajua kwamba hapo hakuna kungoja: mama apelekwe bloki apasuliwe, mtoto atolewe. Dokta Gérard alikuwa tayari ndani ya bloki na mwanamke mwingine, mikono yake yote miwili kazini. Tantine akapiga simu. Mama Mwajuma akapokea, akaishikilia kwenye sikio la daktari, sauti ikisikika hadi kwake.

"Dokta, anachoka," Tantine alisema. "Anachoka sana."

"Mumupatie serum ya sukari, apumuzike kidogo. Namaliza huku, nakuya."

Tantine aliposikia hivyo alishangaa, lakini akajiambia kwamba dokta ameelewa na ameamua kungoja, huenda ana sababu ambayo yeye haioni. Alimwamini. Daktari naye alikuwa ameelewa kwamba mama amechoka kusukuma, anahitaji nguvu, na kama hali ingekuwa mbaya zaidi Mama Léonie angesema. Naye alimwamini. Dripu ya serum ikafungwa, ikaanza kudondoka.

Dokta alipotoka bloki alikuwa bado anavua glavu. "Haya, amepata nguvu?" akauliza, akitabasamu.

Tantine akaweka pembe tumboni tena. Akaihamisha, akaihamisha tena. Alisikia moyo mmoja tu, nao ulikuwa wa mama.

Kesho yake directeur, mkuu wa materniti, aliwaita. Dokta Gérard alisema: "Niliambiwa mama anachoka." Tantine alisema: "Nilisema mutoto anachoka." Kila mmoja alimtazama mwenzake kama anayemwona mtu mgeni amevaa nguo za rafiki yake. Directeur hakutaka kujua zaidi. Aliweka sheria: kuanzia leo hakuna tena kumwita daktari kwa mdomo wala kwa simu, kila mkunga ataandika ujumbe katika kundi la WhatsApp la materniti, na ataandika kwa Kifaransa, ili maneno yabaki.

Maneno yalibaki, watu wakaondoka. Sijui niseme vipi. Walikuwa bado wanafika kazini, lakini Tantine alisema ilikuwa kama kufanya kazi na picha zao. Zamani walikunywa chai pamoja kwenye birika moja, na Abigaël aliwaigiza wagonjwa hadi Mama Mwajuma akafunika uso kwa kitambaa. Sasa kila mmoja alileta termosi yake. Daktari akiingia, wakunga wananyamaza. Wakunga wakimpa habari, anasikiliza, kisha anaweka pembe mwenyewe kuhakikisha. Na hakuuliza tena "weye unaona nini".

"Ananiitaka sasa Madame Ntumba," Tantine aliniambia. "Mbele nilikuwa Mama Léonie. Sasa niko Madame. Njo vile banakuzikaka wakati ungali mzima."

Mimi nina tabia ya kuuliza, na nyumbani wananisema kwa hiyo. Jioni moja alikuwa anakula kwenye ukuta wake, akirudia habari ile kwa mara nyingine, nami nikamwuliza:

"Tantine, ulisema namna gani? Maneno yenyewe, kama vile yalitoka."

"Nilisema anachoka. Dokta, anachoka, anachoka sana."

"Nani?"

"Mutoto, Nono. Nakuambia kila siku."

"Hapana. Nauliza kama neno 'mutoto' ulilisema."

Niliona macho yake yakirudi kule, kwenye simu, kwenye sale, yakitafuta. Shuleni mwalimu wa Kifaransa anatusumbua na sentensi isiyo na mwenyewe, lazima useme nani, mtoto au mama, mwanaume au mwanamke. Kwetu herufi moja inatosha: anachoka, anakuja, anakufa. Anayekusikia anajua unamsema nani. Anajua, mpaka siku ambayo hajui.

Tantine aliweka sahani chini, akavuta kiti, akakaa. Nilitamani nisingeuliza.

Hakulala vizuri, na asubuhi kabla ya kazi alivuka barabara kwenda kwa Mama Mwajuma. Nilimfuata hadi mlangoni.

"Mwajuma, weye njo ulikamata simu. Nilisema nini?"

Mama Mwajuma alikuwa anakunja mkeka wake wa sala. Aliumaliza kwanza. "Ulisema anachoka."

"Nilisema mutoto?"

"Hapana. Anachoka tu."

"Na ulinyamaza miezi hii yote."

"Hakuna muntu aliniuliza, Léonie. Na ningesema, dokta atasema Mwajuma iko upande ya bakunga. Ningemusaidia dokta, weye ungesema Mwajuma amekuuzisha. Sasa nilinyamaza, na nyote munanichukia sawa sawa. Unaona, hata vile sikupata faida."

Tantine hakumkasirikia. Siku hiyo hiyo alimfuata Dokta Gérard uani, pale anapoegesha gari, akamwambia kila kitu: kwamba hakutaja nani, kwamba yeye dokta alisikia sawa alichoambiwa, kwamba wote wawili walisema kweli mbele ya directeur. Alinisimulia kwamba daktari aliweka mkono juu ya gari.

"Donc hakuna aliyesema bongo, wote tulisema kweli," akasema.

"Hakuna."

"Miezi hii yote nilifikiri unajikinga na miye."

"Na miye nilifikiri vile vile juu yako."

Daktari akamwita tena Mama Léonie. Wakakubaliana: katika mkutano ujao wa kazi watasimama wote wawili mbele ya wenzao na kusema habari hii, neno lilivyotoka na lilivyopokewa, ili watu waache kuogopana na waanze tena kuitana kwa mdomo. Tantine atasema sehemu yake, dokta atasema ya kwake: kwamba hakuuliza nani. "Tutasema pamoja, Mama," alimwambia. Tantine alirudi nyumbani na samaki wa kukaanga bila sikukuu yoyote, akaimba jikoni wimbo wa kanisa wenye beti nyingi, zote.

Mkutano ukaahirishwa kwa sababu directeur alikuwa safarini. Ukaahirishwa tena. Katikati ya kungoja huko akaja Musonda.

Musonda alitoka Kipushi kuja kujifungua kwa dada yake. Ilikuwa mimba yake ya kwanza, na alikuwa mtu wa mzaha. Katikati ya uchungu aliwauliza wakunga kama anaweza kurudi kesho. Alizaa mchana, mtoto wa kiume, akalia vizuri. Tantine alikuwa upande wa pili wa pazia na mama mwingine, kichwa cha mtoto kimeshaanza kuonekana. Kwa Musonda alibaki Abigaël, na Abigaël akaona damu haikati.

Mlango wa bloki uko karibu. Dokta Gérard alikuwa humo, ameketi, anakunywa chai. Ukisema "dokta" kwa sauti ya kawaida anasikia.

Abigaël alichukua simu akaanza kuandika. Wiki chache nyuma alikuwa ameandika katika kundi kwamba mgonjwa fulani amevuja damu vizuri. Alitaka kusema nyingi, kama tunavyosema sisi kwamba mvua imenyesha muzuri, akaiweka hivyo hivyo kwa Kifaransa. Walimcheka. Mmoja aliweka vile vichwa vya manjano vinavyotoa machozi. Sasa aliandika sentensi, akaifuta, akatafuta neno, akaandika upya. Alipoutuma, akangoja. Simu ya daktari ilikuwa inachajiwa chumba kingine.

Tantine alipovuta pazia aliona miguu ya Abigaël kwanza, viatu vyake vyeupe, na kilichokuwa kimevizunguka.

"Sababu gani haukuita?"

"Niliandika, Mama. Niko na ujumbe. Angalia, niliandika."

Tantine aliita, na sauti yake ilifika hadi barabarani. Daktari alikuja mbio, Mama Mwajuma alikuja mbio, wakafanya kazi yote inayofanyika. Uhai wa Musonda waliuokoa. Kizazi walikitoa. Alipoamka, aliyemweleza alikuwa Tantine, maana hakuna mwingine aliyetaka. Musonda alisikiliza hadi mwisho akiwa na mtoto kifuani, kisha akasema: "Basi huyu ajifunze kucheza peke yake." Hakusema mzaha mwingine hadi siku aliyoondoka.

Sasa mkutano haukuahirishwa tena. Kilichosemwa humo nilikisikia kwa Mama Mwajuma, aliyekuja kwetu jioni ile, akakaa jikoni na kumwaga kila neno huku Tantine amejifungia chumbani.

Directeur alianza hivi: "Kosa iko na mwenyewe. Leo namutafuta mwenyewe."

Abigaël alikuwa amekumbatia simu yake. Tantine akasimama.

"Kama unatafuta mwenyewe wa kosa, anza na miye," akasema. "Ile siku ya mutoto aliyekufa, nilisema anachoka. Sikusema nani. Dokta alisikia mama, na miye nilitaka kusema mutoto. Hakuna aliyesema bongo. Lakini tangu ile siku tunaogopana. Abigaël iko na mudomo na dokta iko na masikio, na ukuta ni ule mumoja, lakini aliandika. Aliandika sababu anatuogopa. Kama hatutaitana tena kama bantu, benye watakufa humu siyo siye, ni bale bamama banakuya kuzaa. Dokta Gérard atabaambia sehemu yake."

Akamgeukia. Wote wakamgeukia.

Mama Mwajuma alisema daktari alifungua kifuniko cha kalamu yake na kukifunga, akakifungua, akakifunga. Kila mtu pale alijua kwamba anangoja sahihi ya directeur ili aende kusomea utaalamu wake. Alitazama ile kalamu kama vile sahihi imo ndani yake.

Directeur hakumpa muda mrefu. "Kwa hiyo unakubali haukusema nani."

"Nakubali," Tantine akajibu.

"Asante, Mama Léonie. Njo ile nilikuwa natafuta."

Tantine alibaki amesimama kidogo, akimwangalia Dokta Gérard. Halafu akakaa.

"Na weye, Mama Mwajuma?" nikauliza. "Weye uliisikia ile simu."

"Miye?" Alivuta kitambaa chake kichwani. "Miye niliangalia viatu yangu, Nono. Nitakuambia hata rangi yake."

Walimwondoa Tantine sale ya kuzalia na kumpeleka kwenye kile kibanda mwisho wa ua, apime watoto. Directeur alisema ni kumpumzisha, umri wake umefika. Sheria ya kuandika ikabaki, ikaongezewa nyingine: kila ujumbe utiwe jina la aliyeuandika. Mkubwa wa sale akawa Abigaël.

Likizo ilipoanza nilimpelekea miwani aliyoisahau nyumbani, nikakaa naye hadi mchana. Akina mama walikuwa wengi, na watoto wananing'inia kwenye mizani mmoja baada ya mwingine, miguu hewani. Niligundua kitu ambacho nyumbani nilikuwa nimeanza kukiona bila kukielewa. Tantine hasemi tena kitendo bila jina. "Mutoto Ariel amepungua. Siyo weye mama, mutoto Ariel. Mama Cathy, weye mama, njo utakula zaidi, ili mutoto Ariel anyonye." Akina mama wanatazamana. Mmoja alinong'ona kwamba huyu mzee anadhani sisi ni wajinga.

Dokta Gérard alikuja wakati wengi wameshaondoka. Alisimama pale kwenye mlango, nusu ndani, akaangalia nyuma yake kabla ya kusema.

"Mama Léonie."

"Dokta Gérard."

"Ile siku ilikuwa siye babili. Ningeuliza nani. Neno moja tu, ningeuliza. Naijua."

Tantine alikuwa anakunja khanga ya kibanda inayotandikwa kwenye mizani. "Sababu gani unaniambia miye?" akasema, bila ukali. "Miye niliisha kuijua. Kule mu mkutano njo kulikuwa bantu benye hawaijui."

"Sahihi itatoka mwezi huu. Kisha nitasema."

"Kisha utakuwa umeenda, Dokta."

Alisimama kidogo zaidi, kama mgonjwa ambaye hajaambiwa aondoke, halafu akaondoka akizunguka nyuma ya jengo, njia ambayo haipiti mbele ya ofisi.

Nilidhani yamekwisha, lakini muda mfupi baadaye akaingia Abigaël kuomba pamba, kwa kuwa sale ilikuwa imeishiwa. Alikuwa amekonda. Alichukua pamba bila kumtazama Tantine machoni, simu yake ikionekana mfukoni, na mfuko wenyewe umelegea kwa kuitoa na kuirudisha.

"Abigaël, mwanangu," Tantine akamwambia, "damu ikianza, Abigaël weye uite. Kwa mudomo. Ujumbe utaandika kisha, hata kesho."

Abigaël alisimama. Nilifikiri atasema ndiyo, kwa heshima tu, kama alivyosema miaka yote aliyofundishwa.

"Mama, weye ulisema kwa mudomo mbele ya bote," akasema taratibu. "Uko wapi leo?"

Tantine aliikunjua khanga, akaitandika tena kwenye mizani. Nilimtazama kwa sababu yeye ana jibu la kila mtu, la vijana wenye ndevu, la madaktari, langu mimi. Nilingoja, na Abigaël pia alingoja, nadhani alitaka kwa kweli aambiwe kitu. Kutoka sale mwanamke akaanza kulia kwa uchungu. Abigaël akageuka na pamba yake, na kabla hajafika katikati ya ua alikuwa ameshatoa simu.